Bukavu: mvua ya Oktoba na historia iliyobaki katika majina

Mvua za kwanza za Septemba zikishanyesha, Bukavu inaonekana tena. Katika kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi la barabara na moshi wa majani yanayochomwa milimani hufunika ziwa, na milima ya Rwanda ng'ambo hupotea kabisa. Kisha mvua inarudi, wanafunzi wanarudi masomoni, na asubuhi moja mtu akisimama Muhumba anaona upya nyumba na mashamba ya Rusizi kana kwamba yamepanguswa kwa kitambaa.

Ulaya miezi hii ni ya majani kuanguka, na watalii wa huko hupenda kuitumia kutembelea miji ya kale kwa miguu, maana jua halichomi. Bukavu haina majani ya kuanguka, ina potopoto. Hata hivyo, kwa anayetaka kuujua mji huu kwa miguu yake, Septemba hadi Novemba ndio wakati. Mambo mengi yaliyouumiza mji na kuupa sura yake ya leo yaliangukia miezi hii, na mawili kati ya hayo yaliangukia tarehe moja, 29 Oktoba, yakiachana kwa miaka 29.

Tatizo ni kwamba mgeni hataona mahali pengi pameandikwa lolote. Miji mingine ina vibao vya shaba kwenye kuta: hapa alizaliwa fulani, hapa palipiganwa vita fulani. Bukavu historia imebaki katika majina ambayo abiria wanawaambia wamotari kila siku. Nyawera. Saio. Place Mulamba. Avenyu Lumumba. La Botte. Motari anajua bei ya kufika huko, na anajua shimo liko wapi njiani. Jina limetoka wapi, hilo si kazi yake, na si kosa lake kama hajui.

Jina la kwanza ni la mji wenyewe. Bukavu linatokana na neno la Mashi nkafu, yaani ng'ombe. Palikuwa malisho, katika ardhi ya Bushi chini ya utawala wa Kabare, kabla ya watu wa Leopold wa Pili kufika na kuweka kituo chao karibu na ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 1901. Wakati huo mpaka haukuwa na mwenyewe: Wajerumani walikuwa ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, na pande zote mbili zilidai ziwa na ardhi ya kando yake. Ni mapatano ya mwaka 1910 yaliyouweka mpaka kwenye mto Ruzizi na katikati ya ziwa Kivu. Kwa hiyo anayepita leo kwenye daraja la Ruzizi ya Kwanza na karatasi yake mkononi anavuka mstari uliochorwa na wazungu mezani, na ambao watu wa pande zote mbili walikuwa wakiuvuka kwa mitumbwi bila kuombwa kitu.

Mwaka 1927 Wabelgiji waliupa mji jina la Costermansville, kwa kumkumbuka Paul Costermans, afisa aliyekuwa makamu wa gavana mkuu wa Kongo na aliyekufa mwaka 1905. Jina hilo lilidumu hadi miaka ya 1950, ndipo Bukavu ikarudishwa kabla hata ya uhuru. Jambo hili watu wengi hawalijui. Wanadhani majina ya kizungu yote yaliondolewa na Mobutu, kama ilivyokuwa kwa Léopoldville na Stanleyville mwaka 1966. Ng'ombe wa Bushi walikuwa wamekwisha kumshinda Costermans miaka zaidi ya kumi kabla.

Kutoka hapo ni vizuri kushuka ziwani. Mji umekaa juu ya rasi tano zinazoingia majini, ndiyo maana wengi wanaufananisha na mkono wenye vidole vitano uliotiwa ziwani. Rasi inayojulikana kuliko zote ni La Botte, kiatu kirefu cha mvua, kwa sababu ya umbo lake. Huko na kando ya barabara kuu wakoloni walijenga, kuanzia miaka ya 1930 hadi 1950, nyumba za mtindo ule unaoitwa Art Deco: kona zilizoviringwa badala ya kukatwa, mistari ya simenti inayozunguka ukuta mzima kama mkanda, madirisha ya mviringo kama ya meli, barza zinazotazama maji. Hôtel Résidence ni mfano ambao kila mtu anaufahamu. Walowezi waliokaa humo walikuwa watu wa kahawa, chai na mkwinini, mti ambao ganda lake hutoa dawa ya malaria. Jina la kiwanda cha Pharmakina linatokana na kazi hiyohiyo.

Nyumba hizi zinastahili kuangaliwa taratibu, na mapema. Kila msimu wa mvua unaziondoa kidogo. Rangi inabambuka, maji yanaingia kwenye dari, mwenye nyumba anaona ni heri abomoe ajenge etaji nne za vioo vya buluu. Mwingine anakata bustani ya zamani vipande vipande na kuuza kila kipande kama parseli, hadi ukingo wa maji. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliua watu Bukavu na ng'ambo Rwanda, likapasua nyumba nyingi, na baadhi ya nyufa hizo hazikuzibwa vizuri. Lakini tetemeko halikufanya kazi kubwa kama inayofanywa na nyundo.

Kuna sheria. Tarehe 15 Machi 1971 nchi ilipata sheria ya kulinda mali ya utamaduni, na chini yake jengo likiorodheshwa rasmi haliwezi kubomolewa au kubadilishwa bila ruhusa. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka hamsini. Anayetaka kupima nguvu yake atembee La Botte hadi Nyawera akihesabu majengo ya zamani yaliyo na alama yoyote ya serikali inayosema jengo hili lisiguswe. Hatachoka kuhesabu.

Na isisahaulike nyumba hizo nzuri zilikuwa za nani. Rasi zilikuwa za wazungu. Mwafrika alikuja asubuhi kufanya kazi ya upishi, ya bustani au ya ofisini, na usiku hakuruhusiwa kutembea huko bila karatasi ya ruhusa. Alipanda kurudi Kadutu. Kwa hiyo matembezi ya historia yanayoishia kwenye barza za La Botte ni matembezi ya nusu mji.

Kadutu hakuna mtalii anayeipiga picha kama mnara wa kale, lakini ni wa kale kweli. Ni mahali ambapo watu kutoka Bushi, Bufulero, Urega, Buhavu na mbali zaidi walikutana wakatengeneza Kiswahili cha Bukavu, kile ambacho mtu wa Goma au wa Uvira anakitambua baada ya maneno matatu. Soko lake, ngazi zake za udongo, manjanja yaliyokaribiana mpaka mvua ya jirani inaanguka kwako: hayo yote yana historia ndefu kuliko etaji nyingi za mjini. Mto Kawa unashuka humo ukibeba kila kitu ambacho watu wametupa, na unakipeleka ziwani. Kutoka ziwani taka zinafuata maji hadi kwenye bwawa la Ruzizi ya Kwanza, lililoanza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa za plastiki zinaziba mitambo, na taa inazimika hukohuko Kadutu ambako chupa ilianzia safari.

Bagira ni habari nyingine. Ilijengwa katika miaka ya 1950 na shirika la serikali ya kikoloni lililoitwa Office des Cités Africaines, ambalo lilijenga mitaa ya namna hiyo pia Léopoldville, Élisabethville na Usumbura. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na nafasi ikaachwa kwa shule, kanisa na uwanja. Wakoloni walitaka wafanyakazi Waafrika wenye familia, waliotulia, na mbali na rasi. Leo kila nyumba imeongezewa chumba mbele na nyumba ndogo nyuma, lakini anayesimama juu bado anaona ile mistari.

Kuna jina moja linalotoka mbali zaidi, Saio. Watu wanalijua kwa kambi ya jeshi na kwa avenyu. Saio ni mahali pa magharibi ya Ethiopia. Mwaka 1941, wakati wa vita ya pili ya dunia, askari Wakongomani wa Force Publique walipelekwa huko, safari ndefu kupitia Sudani, kupigana na Waitaliano. Mwanzoni mwa Julai mwaka huo jenerali Mwitaliano Gazzera alijisalimisha kwao pamoja na maelfu ya watu wake. Ushindi huo ulitangazwa kama ushindi wa Ubelgiji, ambayo yenyewe wakati huo ilikuwa imekaliwa na Wajerumani. Walioumia njaa na ugonjwa wa tumbo katika milima ya Ethiopia walikuwa vijana wa Kongo, pamoja na wapagazi wao. Jina la vita yao limebaki ukutani mwa kambi. Majina yao wenyewe hayakuandikwa popote mjini.

Place Mulamba inaturudisha karibu zaidi. Agosti 1964 waasi Simba, waliokuwa wamekwisha kuchukua Uvira na Kisangani, waliingia hadi ndani ya Bukavu. Kanali Léonard Mulamba ndiye aliyeongoza ulinzi wa mji, na baada ya siku chache za mapigano waasi walirudi nyuma. Mwaka uliofuata Mobutu alipotwaa utawala alimfanya Mulamba waziri mkuu, kisha mwaka 1966 akamwondoa. Wengi wanaopita hapo wanadhani Mulamba ni jina la mwenye duka.

Miaka mitatu baada ya Simba mji uliingia katika jambo ambalo hadi leo linashangaza mtu akilisikia mara ya kwanza. Julai 1967 mamluki wa kizungu na askari wa Katanga waliokuwa katika jeshi la taifa walimwasi Mobutu. Kiongozi wao alikuwa Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na shamba kubwa Kongo. Walitoka upande wa Kisangani, wakapita msituni, na Agosti wakauteka Bukavu. Mamluki wenyewe walikuwa zaidi kidogo ya mia moja, pamoja na mamia ya Wakatanga. Wakamtangaza Kanali Monga, Mkatanga, kuwa mkuu wa serikali yao, na Schramme akampa Mobutu muda wa kukaa mezani. Mobutu hakukaa.

Septemba yote na Oktoba yote mji ulikuwa mikononi mwao. Wakaaji wengi walikimbia, nyumba zikaporwa na pande zote, na zile nyumba nzuri za rasi zikawa mahali pa kujificha na kufyatulia risasi. Tarehe 29 Oktoba 1967 jeshi la taifa lilianza shambulio la mwisho. Siku za kwanza za Novemba Schramme na watu wake walivuka Ruzizi, wakaingia Rwanda na kunyang'anywa silaha. Wazungu walirudishwa Ulaya miezi iliyofuata. Bukavu ilibaki na mashimo ya risasi, ambayo mengine yalipakwa simenti na mengine yakaachwa.

Ajabu ni kwamba vita hiyo haina hata jiwe moja mjini. Vitabu vya Ulaya juu ya Schramme vipo, yeye mwenyewe aliandika. Lakini mtoto wa Ibanda anaweza kumaliza masomo ya sekondari bila kujua kwamba uwanja wa shule yake ulikuwa katikati ya vita iliyotangazwa na redio za dunia nzima.

Jina la Nyawera, kinyume chake, lina alama. Rond-point ya hapo inaitwa Place Munzihirwa. Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, alikuwa askofu mkuu wa Bukavu katika miaka ambayo wakimbizi kutoka Rwanda walijaa mji na milima yote baada ya Julai 1994. Aliandika barua nyingi kwa mabalozi na kwa mataifa, akionya kwamba vita inakuja na kuomba raia walindwe, Wakongomani na wakimbizi pia. Oktoba 1996 vita ilikuja. Viongozi wa serikali na wakubwa wa jeshi walikuwa wakiondoka, yeye alibaki. Tarehe 29 Oktoba, jioni, gari lake lilisimamishwa Nyawera. Alishuka akiwa na msalaba mkononi, akapigwa risasi. Mwili wake ulilala hapo barabarani hadi ulipokwenda kuchukuliwa siku iliyofuata.

Aliuawa siku ileile ambayo, miaka 29 nyuma, mizinga ya jeshi ilianza kuupiga mji dhidi ya Schramme. Hakuna aliyepanga tarehe hizo zilingane. Zimelingana tu.

Kaburi lake liko katedrali ya Notre-Dame de la Paix, na karibu naye amelala Emmanuel Kataliko, aliyemfuata katika kiti cha askofu mkuu. Kataliko aliandika barua ya Noeli mwaka 1999 juu ya mateso ya watu chini ya uasi wa RCD. Februari 2000 waasi walimzuia kurudi Bukavu, akakaa Butembo kwa miezi saba. Septemba aliruhusiwa, na mji ukatoka barabarani kumpokea. Wiki tatu hazikupita: alikwenda Roma kwa mkutano na kufariki huko tarehe 4 Oktoba 2000. Aliyepokelewa kwa matawi Septemba alirudishwa katika sanduku Oktoba, mvua hiyohiyo, barabara hizohizo.

Ndiyo maana katedrali, ambayo katika orodha za watalii inatajwa kwa paba lake la mviringo linaloonekana kutoka ziwani, kwa watu wa Bukavu ni kwanza makaburi mawili. Mama akitoka sokoni anaweka kapu chini, anaomba kidogo, anabeba kapu tena. Hakuna tiketi wala saa za kufungua. Kwa mgeni hapo ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi, kuliko kwenye madirisha ya La Botte.

Kuna mahali ambapo bado ni mapema kupaita pa historia. Tarehe 27 Februari 2025, siku chache baada ya M23 kuingia Bukavu, milipuko ilitokea Place de l'Indépendance mwishoni mwa mkutano wa AFC, watu zaidi ya kumi wakafa na wengine wengi wakajeruhiwa. Kila upande ulimtupia mwingine lawama. Wauzaji wamerudi hapo, taksi zimerudi, na anayepita kwa haraka haoni kitu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia Nyawera mwanzoni, kabla mtu hajaamua kwamba mahali pale pasiitwe tu kwa jina la kituo cha magari. Waliokufa Februari wana majina, na familia zao zinayajua. Kazi ya kuyaandika inafanyika vizuri zaidi wakati wanaoyajua bado wapo, kuliko baada ya miaka thelathini, watu wakianza kubishana kama walikuwa kumi na moja au kumi na saba.

Kwa anayetaka kutembea mwenyewe mwezi huu, njia si ngumu. Aanze katedrali asubuhi, baada ya misa ya kwanza, wakati kuna ukimya. Atembee La Botte kabla jua halijapanda, aombe ruhusa kabla ya kuelekeza simu kwenye nyumba ya mtu, na karibu na kambi au mpaka aiache simu mfukoni kabisa. Nyawera apite kwa miguu, si kwa moto, asimame kidogo. Kisha apande Kadutu na viatu vya kufungwa kamba, maana ngazi zinateleza. Bagira aiweke mwisho, kwa sababu kutoka huko juu vidole vyote vya mji vinaonekana ndani ya maji. Lakini asichelewe. Oktoba mawingu yanaanza kukusanyika mchana, na mvua ikishaanza, barabara ya kushuka inakuwa mto, na motari atamwomba mara mbili ya bei.